SOMO LA REDIO: KIWANJA LITAPUNGA AU MPANDA MJINI?

Leo twalinganisha kiwanja cha Litapunga, katika Halmashauri ya Nsimbo, na kile cha Mpanda mjini. Bei isikupumbaze. Mjini, uliza namba ya kiwanja kwenye ramani ya upimaji, kisha uende ofisi ya ardhi ukaithibitishe. Litapunga, ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria Namba 5 ya mwaka 1999 yataka halmashauri ya kijiji ikubali kwanza. Karatasi ya muuzaji na mashahidi wawili haitoshi, hata wakiwa wajomba zake. Tena nenda wakati wa mvua, si kiangazi. Tembea mipakani pamoja na majirani, uwaulize maji hutuama wapi. Muuzaji akikuharakisha, fedha zibaki mfukoni.