Mgonjwa Haulizwi Kadi ya Chama



Nitaanzia mbali, Marekani, nchi ambayo hakuna awezaye kudai kuwa imekosa fedha au madaktari.

Mwaka 1945 Rais Truman aliliomba Bunge la nchi hiyo lianzishe bima ya afya ya taifa. Chama cha madaktari kikaipiga vita hoja hiyo, kikiiita ujamaa, ikafa. Uingereza, iliyotoka vitani na madeni shingoni, watu wake wakigawiwa chakula kwa kadi, ilifungua huduma ya afya kwa kila mtu tarehe 5 Julai 1948. Basi kisingizio cha umaskini tukiweke kando.

Marekani ilingoja hadi 1965 ndipo wazee na baadhi ya maskini wakapata bima ya serikali. Mwaka 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya kuipanua bima. Hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyeipigia kura ilipopitishwa. Ajabu ni kwamba shina la sheria hiyo, yaani kumtaka kila mtu awe na bima, lilikuwa limekwisha kupandwa Massachusetts mwaka 2006 na Gavana Mitt Romney, naye ni Republican! Dawa ilikuwa ile ile. Aliyeishika chupa ndiye aliyebadilika. Mwaka 2017 jaribio la kuifuta lilishindwa katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49, uhai wa mamilioni ukiwa umening'inia kwenye kura ya Seneta John McCain.

Tusiwacheke. Hapa kwetu mtumishi wa umma anayo bima tangu mwaka 2001, ambapo hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023, na tayari wapo wenye kadi wanaonong'ona kwamba wakulima wakiingia, foleni itarefuka. Kadi ninayo mimi pia, na foleni naijua. Na mwenzangu wa Chama anayeikataa hoja nzuri kwa sababu tu imetoka kinywani mwa mpinzani, anatenda lile lile la Washington.

Mama anayewapikia wanafunzi wenu uji hana mshahara wa kukatwa. Mwanawe akishikwa na homa usiku, hubisha hodi kwanza kwa jirani kukopa fedha, ndipo aende zahanati.