Askari Anapoongoza Kikundi cha Skauti wa Kike

Mtu aliyezoea kutoa amri hupata taabu anapokabidhiwa wasichana ishirini wenye umri wa miaka kumi. Mjini Juba, ambako wazazi wengi ni askari wa jeshi na polisi, ni rahisi kudhani kwamba mzazi mwenye sare ndiye anayefaa zaidi kuongoza kikundi cha skauti wa kike, kwa kuwa gwaride analijua.

Dhana hiyo ina asili yake. Mwasisi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali wa Uingereza aliyepata sifa alipozingirwa mjini Mafeking kuanzia mwaka 1899 hadi 1900. Lakini wasichana walipojitokeza wenyewe katika mkutano wa skauti huko London, mwaka 1909, chama chao cha Girl Guides kiliundwa mwaka uliofuata chini ya Agnes, dada yake jenerali, ambaye hakuwa askari. Mwaka huo huo wa 1910 jenerali mwenyewe aliacha jeshi. Kaburi lake liko Nyeri, nchini Kenya, alikofariki mwaka 1941.

Katika Sudan Kusini tofauti baina ya skauti na jeshi si jambo la maneno matupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 ilikataza kuwaingiza watoto jeshini. Hata hivyo, mwezi Februari 2018, huko Yambio, watoto zaidi ya 300 waliachiwa kutoka katika makundi yenye silaha, na 87 kati yao walikuwa wasichana. Mama anayeyakumbuka hayo, akimkuta binti yake amepangwa mstari na mtu mwenye bunduki, hawezi kulaumiwa akimrudisha nyumbani.

Basi silaha ibaki kambini, na sare pia. Wasichana hugawanywa katika vikundi vya watu sita hadi wanane, na kila kikundi humchagua kiongozi wake miongoni mwao. Huyo ndiye anayegawa kazi. Askari ataona hema likianguka mara mbili, na kazi ya dakika tano ikichukua saa nzima. Hana budi kunyamaza, na pengine hilo ni gumu kuliko doria ya usiku. Cheo cha baba nacho hakina nafasi: binti wa kanali na binti wa koplo huchota maji kwa zamu moja. Tena mtu mzima asikae faraghani na msichana mmoja. Wawepo watu wazima wawili, na mmoja wao awe mwanamke.

Matembezi yafanywe alfajiri. Mwezi Machi 2024 Serikali ililazimika kufunga shule kwa sababu ya joto kali, na msichana hawezi kustahimili jua la adhuhuri kama kuruta.

Kuhusu kupiga kambi nje ya mji, hapo ndipo ujuzi wa askari unapohitajika hasa, kwani mabomu ya vita vilivyopita bado yamo ardhini. Mahali pakaguliwe kwanza na wataalamu wa kutegua mabomu. Wasichana nao wafundishwe kwamba wakiona chuma wasichokijua wasikiguse, wasimame, warudi kwa njia ile ile waliyojia, na kumwarifu kiongozi.