Jeshi letu, mikataba yao: nani anaamua?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mjadala wa vijana wa chama. Naiweka hapa kwa wale waliokosa na walioniomba.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie mambo ya nje na ulinzi. Najua mada hii inasinzisha, wengi mnasubiri ya katiba mpya na ajira. Nisikilizeni kidogo, maana tutafika hukohuko kwenye katiba.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja, kijana wake ni mwanajeshi, na alikuwa Kongo. Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, yule mama alikuwa anakuja nyumbani kila jioni. "Mwanangu, wewe unasoma sheria, hebu nitafutie kwenye simu wamesemaje." Nilitafuta. Habari za Afrika Kusini nilizipata, Bunge lao lilikuwa linawaka moto kuhusu askari wao. Za kwetu zilikuwa chache mno. Kijana wake alirudi salama, tunamshukuru Mungu. Wapo wenzake ambao hawakurudi.

Sasa tujiulize, tulifikaje pale? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka huohuo kikosi cha Jumuiya kikaenda Kivu Kaskazini. Kinshasa ilitaka kipigane na M23, chenyewe kikasema kazi yake siyo hiyo. Desemba 2023 kikaondoka, na mwezi huohuo kikaingia kikosi cha SADC: Afrika Kusini, Malawi na sisi Tanzania. Goma ikaanguka. Februari 2025 wakuu wa jumuiya zote mbili wakakutana hapa Dar es Salaam, Machi SADC ikafunga kazi.

Halafu amani ikasainiwa wapi? Siyo Arusha wala Nairobi. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini Washington, na mazungumzo ya Kinshasa na M23 yakahamia Doha. Wote wawili, Kongo na Rwanda, ni wanachama wa Jumuiya yetu! Na Marekani hakuficha anachotaka: ni madini. Anataka kupunguza nguvu ya China kwenye kobalti na shaba ya Kongo. Ndiyo maana anaisaidia reli ya Lobito kule Angola, wakati China inaifufua TAZARA yetu.

Hapa watu husema fahali wawili wakigombana ziumiazo nyasi. Mimi naona tumeigeuza methali hii kuwa kisingizio. Nyasi hazina bandari, hazina kobalti, hazina kura Umoja wa Mataifa. Sisi tunavyo vyote. Tatizo letu ni kwamba kila mmoja anakwenda kwa fahali peke yake. Kenya Juni 2024 ilipewa hadhi ya mshirika mkubwa wa Marekani aliye nje ya NATO. Mwaka uliofuata Rais Ruto akaenda Beijing kukuza uhusiano na China, na seneta mmoja wa Marekani akataka hadhi ile ichunguzwe upya. Sisi wenyewe mwaka 2024 tulifanya mazoezi ya kijeshi na China hapahapa nchini. Sisemi ni kosa. Nauliza, tulikaa lini kama Afrika Mashariki tukakubaliana nani anakaribishwa na kwa masharti gani?

Na sheria ipo! Mkataba wa Jumuiya, Ibara ya 123, unataka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Ibara ya 125 inazungumzia ushirikiano wa ulinzi. Umesainiwa 1999, mimi sijazaliwa. Nimezaliwa, nimekua, nipo chuo, bado uko kwenye karatasi.

Kuna watakaosema nchi maskini haiwezi kuchagua. Wakumbusheni 1965. Ujerumani Magharibi ilitubana kwa sababu ya Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi nchini kwetu, ikaondoa msaada wa kijeshi. Mwalimu akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, tukapoteza mkopo. Tulikuwa maskini kuliko leo. Lakini wananchi walijua tunasimamia nini, na serikali ilisema hadharani.

Sasa nakuja kwenye katiba kama nilivyoahidi. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, ila ile tu ambayo kwa masharti yake yenyewe inahitaji kuridhiwa. Umeona mlango ulipo? Ukiiita hati ya makubaliano, usiandike kwamba inahitaji kuridhiwa, Bunge unalipita pembeni. Ibara ya 44 inasema Rais akitangaza vita, Bunge liitishwe ndani ya siku 14. Lakini kulinda amani siyo kutangaza vita, kwa hiyo yule kijana wa jirani anaweza kupelekwa mstari wa mbele bila mbunge yeyote kunyanyua mkono.

Kenya, Ibara ya 240 ya Katiba yao inataka idhini ya Bunge kupeleka jeshi nje. Januari 2024 Mahakama Kuu yao ilizuia polisi kupelekwa Haiti, kazi ambayo mfadhili wake mkubwa alikuwa Marekani. Ndiyo, Juni walikwenda, baada ya serikali kusaini makubaliano na Haiti. Lakini angalau serikali ililazimika kujieleza mbele ya jaji. Kwetu nani angeulizwa?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yaingie kwenye msimamo wa vijana. Kwanza, katiba mpya iseme wazi: hakuna askari kwenda nje, wala makubaliano ya kijeshi na taifa lolote, bila Bunge kuridhia. Ya siri yajadiliwe na kamati kwa siri, lakini yajadiliwe. Pili, familia za askari ziwe na haki ya kisheria ya kupewa taarifa kwa wakati. Tatu, kabla ya kila mkutano mkubwa na Beijing au Washington, nchi za Jumuiya zikubaliane kwanza msimamo mmoja, hasa kwenye madini, reli na kambi za kijeshi.

Yule mama hajui Ibara ya 63, na wala hana haja ya kuijua. Alichotaka ni kuambiwa mwanawe yuko wapi, na nani aliamua aende. Hilo ni swali halali la raia, na chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kiwe na jibu.