Mpira Haukurogwa: Namna Mkono Unavyoachia Petanki

(Maneno ya kamati ya michezo mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira)



Munajua yaliyotokea kwenye mechi kati yetu na wenzetu waliobaki hapa wakati sisi tulikimbia. Tulikuwa kumi na mbili kwa kumi na mbili, imebaki pointi moja. Mzee wa upande wao akatupa mpira, ukaanguka mbali kidogo, upande wa kushoto wa kale kampira ka mti tunakolenga. Watu wetu wakaanza kupiga makofi. Kisha mpira ukakata kuume, ukaenda ukalala kando yake kabisa. Kelele zikaanza hapo hapo: mpira umerogwa, uko na kitu ndani! Haikupita dakika tano, hatukuwa tena tunazungumza juu ya mchezo, ni juu ya viwanja, nani alichukua cha nani wakati tuko kambini. Na kikao cha mipaka ya mashamba ambacho kilikuwa kifanyike siku ya tatu yake hakikufanyika.

Njo maana tumeomba nusu saa ya leo. Ule mpira tuliupeleka kwa mama mmoja anayeuza ndakala, akauweka kwenye mizani yake. Uko sawa na ingine. Sheria inataka gramu 650 mpaka 800, na upana wa milimita 70.5 mpaka 80, na wetu wote wako ndani ya hapo. Kama kuna kitu kiliufanya ukate kona, kilikuwa katika vidole vya yule mzee.

Sasa tuangalie vidole. Mpira ukitoka mkononi unachukua vitu viwili pamoja: mwendo wa kwenda mbele, na kuzunguka. Wengi wetu tunafikiria mwendo tu, tunatupa kwa nguvu, kiganja kikiangalia juu kama mtu anayempa mwenzake embe. Mpira wa namna ile unaanguka karibu bila kuzunguka, au unazunguka kwenda mbele, na ukigusa chini unakimbia. Kwenye udongo mgumu hauna breki. Mumeona wenyewe inavyopita kampira na kuishia kwenye nyasi.

Wanaojua wanageuza kiganja kiangalie chini. Vidole vinne vimeshikana, kidole gumba kimekaa pembeni hakina kazi, mkono unatoka nyuma, na mwisho kifundo kinafunguka. Mpira unatoka ukipita kwenye ncha za vidole, na zile ncha zinauvuta kidogo. Unazunguka kurudi nyuma wakati uko unaenda mbele. Ukigusa chini, mchanga unaukamata, kwa sababu sehemu ya chini ya mpira inasukuma mbele na mchanga unaikatalia. Mpira unapunguza mbio, unatembea kidogo, unasimama. Hauhitaji nguvu nyingi, ila vidole vyote viachie pamoja.

Na ile kona? Kifundo kikigeuka pembeni wakati wa kuachia, mpira unazunguka kama pia. Ukiutazama toka juu, ukizunguka kama mishale ya saa utakata kuume, ukizunguka kinyume utakata kushoto. Lakini ukiutupa chini chini hautaonyesha sana. Lazima uupandishe juu kidogo, uanguke vizuri, njo mchanga uushike. Yule mzee aliupandisha juu, wote tuliona. Aliona pia mawe yaliyo mbele ya kampira, akaamua kupita pembeni. Tungekuwa waungwana, tungemuomba atufundishe.

Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu kwenda Marekani wanatuambia huko wanacheza mpira mkubwa wa matundu matatu, unafika kilo 7, unaviringishwa kwenye sakafu ya mbao ya mita 18 hivi kuangusha chupa za mti kumi. Akili ni ile ile. Gumba linatoka kwanza, vidole viwili vinabaki kidogo na kuuzungusha. Kule mbele ya sakafu wanapaka mafuta, basi mpira unateleza moja kwa moja, na ukifika palipo kavu unashika na kukata kona. Hapo hakuna anayesema uchawi. Sisi hatuna mafuta, tuko na mchanga ambao mto Mulongwe umetuletea na udongo mgumu chini yake, na kila baada ya mvua uwanja unabadilika. Anayetembea uwanjani kabla ya mechi akakanyaga kila mahali kwa kisigino tayari amepata pointi mbili.

Kwa wazee neno moja. Husimuliwa kwamba mchezo huu ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 katika mji wa La Ciotat, Ufaransa, juu ya mchezaji mmoja aliyeumwa viungo na hakuweza tena kukimbia kabla ya kutupa. Wakakubaliana miguu isimame ndani ya duara. Kwa hiyo bega likikataa, unaweza kuchuchumaa. Ba mama wengi wanachuchumaa na wanatushinda. Na asituambie mtu kwamba ni mchezo wa Wazungu: Madagaska wamekuwa mabingwa wa dunia mwaka 1999, na tena 2016 kwao Antananarivo.

Wafadhili wetu wameuliza kwa nini pesa za mipira hazikuenda kwenye mbegu. Swali ni zuri. Mbegu tuko nazo kidogo, lakini shamba ambalo jirani anasema ni lake, utapanda wapi? Kwenye duara lile njo mahali pekee ambapo tunakaa na wale majirani bila chifu na bila avoka.

Tumekwenda kwa yule mzee, watu wanne wa kamati, na soda. Alicheka sana. Amekubali kuja Jumamosi saa tisa, uwanja wa kando ya ziwa. Mulete makaa: tutachora mstari kwenye mpira, kila mtu aone kwa macho yake unavyozunguka. Kwa mazoezi ya nyumbani okoteni mawe ya mviringo mtoni, hii mipira isitoke kwenye sanduku. Na mechi ya marudio tumeiomba ichezwe kwa timu za watu watatu zilizochanganywa, wao na sisi, kila mtu mipira miwili, mpaka 13. Siku ya kikao cha mipaka mwenyekiti atawatangazia yeye mwenyewe, yuko hapa.