Mlango wa Elimu ya Juu na Binti Zetu



Jambo tulilokuja kulitafakari laweza kuonekana kuwa la wasomi peke yao: nafasi ya mwanamke katika elimu ya juu, tukilinganisha nchi na nchi. Tunalileta mbele yenu kwa sababu ni jambo la haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ibara ya 29, ulitaja wazi kwamba kumnyima mwanamke elimu iliyo sawa na ya mwanamume ni ubaguzi usiokubalika.

Wapo wasemao kwamba wasichana wachache hufika chuoni kwa kuwa ndivyo walivyoumbwa. Tulipime neno hilo. Leo, duniani kwa jumla, wanawake walioandikishwa vyuoni ni wengi kuliko wanaume. Nchini Marekani wanawake wamekuwa wakipata shahada za kwanza nyingi kuliko wanaume tangu miaka ya 1980. Katika Afrika kusini mwa Sahara, kwa jumla, wanaume bado ndio wengi. Je, Mungu alimwumba mwanamke wa Marekani kwa namna moja na wa Afrika kwa namna nyingine? La hasha. Tofauti hiyo imetokana na maamuzi ya watu.

Hata Kanisa lina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1678, katika Chuo Kikuu cha Padova, Italia, Elena Cornaro Piscopia alitunukiwa udaktari wa falsafa. Alistahili kuomba ule wa teolojia, lakini Kardinali Gregorio Barbarigo, Askofu wa Padova, alikataa kwa sababu mwombaji ni mwanamke. Askofu huyo leo ni mtakatifu. Tunalisema bila kuficha, kwani hata mtu mwema aweza kufunga mlango akidhani anatunza utaratibu.

Mlango uliofungwa na watu hufunguliwa na watu. Makerere, Uganda, ilianza mwaka 1922, lakini ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945. Mwaka 1990 Uganda iliamua kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika kuwachagua wa kuingia chuo kikuu. Wanawake, waliokuwa takriban robo ya wanafunzi wa Makerere, waliongezeka hadi kukaribia nusu. Hata hivyo, walionufaika zaidi walikuwa mabinti wa shule nzuri. Binti wa maskini wa kijijini alikuwa ameachwa njiani zamani. Kinyume chake, mwezi Desemba 2022 watawala wa Afghanistan waliwafungia wanawake vyuo vikuu vyote. Waliokuwa darasani waliambiwa wabaki nyumbani. Elimu iliyopatikana kwa miaka mingi yaweza kuondolewa kwa barua moja.

Tanzania nayo ina fundisho lake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Katika miaka ile ya kusubiri, binti aliolewa, akazaa, akabaki. Idadi ya wanawake ilishuka, na mwaka 1976 waliruhusiwa kuingia moja kwa moja. Vivyo hivyo, kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na aliyempa mimba mara nyingi akaendelea na masomo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mama kijana aweza kurudi darasani.

Tena tusidanganywe na uwiano peke yake. Tukilinganisha wanafunzi wa vyuo na idadi ya vijana wa rika lao, dunia ina zaidi ya 40 kwa kila 100, lakini Afrika kusini mwa Sahara ina takriban 9 tu. Nchi yaweza kuwa na wasichana na wavulana sawa kwa sawa chuoni, na bado maskini wote wakawa nje.

Sasa turudi nyumbani. Serikali ikishafungua mlango, ni nani anayebaki ameushika? Mara nyingi ni sisi. Ada ikipungua, ng'ombe huuzwa kwa ajili ya kaka, na dada huambiwa asubiri. Tunasema binti ni wa kwenda kwa watu, kisha tunahesabu mahari yake kabla hajamaliza kidato cha nne. Mama kijana tunamnong'ona kanisani hadi aone haya kurudi shule. Hakuna waziri atakayetuondolea mambo haya kwa waraka.

Tunawasihi basi: kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwajue kwa majina mabinti wake walioacha masomo, na sababu zao, na parokia inapotoa msaada wa ada, itazame wazi ni wangapi wa kike na wangapi wa kiume.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Katika familia zetu, fedha zikitosha kwa mtoto mmoja tu, nani huchaguliwa, na kwa nini?
2. Ni utaratibu gani wetu ulio sawa kwa wote lakini unaomlemea binti zaidi?
3. Yuko mama kijana kati yetu anayetaka kurudi shule? Nani atamlelea mtoto wake?