Wimbo na Kipimo Vifanye Kazi Pamoja

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Dodoma)

 

Tumeombwa kuzungumzia sanaa na sayansi katika maendeleo. Wengi wetu shuleni tuligawanywa mapema: huyu mchepuo wa sayansi, yule mchepuo wa sanaa. Mgawanyo huo umetufuata hadi kwenye miradi. Daktari na fundi wa maji huandaa andiko la mradi. Kwaya na kikundi cha ngoma huitwa siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa njiani. Bajeti ikizidi, kifungu kinachokatwa kwanza ni cha nyimbo, maigizo na mikutano ya kaya. Sisi tunaona kwamba kukata huko huugharimu mradi wenyewe.

Wazee wetu hawakuvitenga vitu hivi. Fundi wa ilimba ya Kigogo anajua kuwa ulimi wa chuma ukifupishwa sauti hupanda, ukirefushwa hushuka. Hiyo ni fizikia, naye huipima kwa sikio. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliutoa muziki huo hapa Dodoma akaufikisha ng'ambo. Lakini leo tuchukue mfano unaogusa afya: ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, wilayani Kongwa.

Vikope huletwa na bakteria wanaosambazwa na mikono, vitambaa na nzi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope hupata makovu kwa ndani. Baada ya miaka mingi nywele za kope hugeukia ndani, hukwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu. Kina mama huathirika zaidi kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto.

Watafiti waliofanya kazi Kongwa waliwakuta kina mama wakiamini kuwa kunawisha watoto uso kunahitaji maji mengi, na maji yako mbali. Usiite ujinga, hiyo ni hesabu ya mwanamke anayebeba ndoo kichwani. Watafiti walikaa na wanakijiji, wakajaribu pamoja, ikaonekana kuwa maji kidogo huosha nyuso nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet ulihusu vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya macho. Vijiji 3 vikaongezewa uhamasishaji wa kunawa uso, kwa kuwashirikisha wanakijiji wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa vijiji hivyo 3 walikuwa na vikope vikali kwa kiwango pungufu.

Tunajifunza nini? Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ililetwa na mazungumzo. Na katika nchi ya Wagogo, neno linalokaa ni lile lililoimbwa. Ngoma ya muheme ya kina mama hukusanya watu kuliko barua ya mtendaji wa kijiji.

Hata hivyo, wimbo usiopimwa nao hudanganya. Kwaya inaweza kusifu kisima ambacho maji yake ni ya chumvi, na watu wamekwisha kurudi kuchimba korongoni. Mkutano uliojaa vigelegele si ushahidi kwamba nyuso za watoto ni safi. Lazima mtu apite kaya kwa kaya, ahesabu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kamati imwite mtunzi wa nyimbo na mtaalamu siku ile ile ya kwanza ya kupanga mradi, ili mtunzi aulize na mtaalamu asahihishe maneno kabla hayajaimbwa. Pili, ndugu wafadhili, msiihesabu hamasa kuwa gharama ya sherehe. Ni sehemu ya tiba. Tatu, kikundi kilichoimba kirudi baada ya miezi 6 pamoja na mhudumu wa afya, waone kilichobadilika na kisichobadilika, na taarifa isomwe mbele ya usharika.

Tunajua fedha ni chache. Tukilazimika kupunguza, tupunguze pande zote mbili. Dawa iliyogawiwa bila mazungumzo itakwisha, na mwakani tutaikuta nyuso zile zile na nzi wale wale.