Sanduku Kwanza, Sungura Baadaye

Ndugu wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Usiku wa Gairo una baridi, na mtoto wa sungura huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Huyafumbua baada ya siku 10 hivi. Kabla ya hapo, akiangukia nje ya kiota hufa upesi, kwani mama yake hambebi kumrudisha kama afanyavyo paka. Tusiharakishe kulaumu ugonjwa; tuangalie kwanza baridi na njaa.

Mimba huchukua siku 30 hadi 32. Tunawahimiza wafugaji waweke sanduku lenye majani makavu siku ya 28. Kila asubuhi wakague watoto: tumbo lililojaa ni dalili ya maziwa, ngozi iliyokunjamana ni njaa. Mama kunyonyesha mara moja tu kwa siku ni kawaida. Mtoto aliyepoa apashwe joto mikononi kwanza, ndipo arudishwe kwa wenzake. Aliyekufa aondolewe mara moja.

Ombi letu kwenu ni hili: kabla ya kununua majike wengine, kila banda lipate sanduku. Mbao chache zitaokoa uzao tulio nao tayari.